Pumzi Baada ya Ubeti wa Pili

Wifi yangu hajawahi kuunguza nguo. Naanza na hilo kwa sababu wenzake wa dobi wakitaka kumsifu huanzia hapo hapo, na mimi ni nani hata niwapinge. Miaka kumi na tisa amesimama kwenye meza ile ile, ya tatu kutoka mlangoni, anapiga pasi mashuka ya hoteli na foronya za hospitali, na hajaacha alama hata ya ukubwa wa ukucha. Wanamwita Mama Mvuke. Ukiingia pale asubuhi unakuta madirisha yote yamekuwa meupe kwa mvuke, huoni barabara, huoni wapita njia, unaona mwanga tu, na katikati ya mwanga huo yupo yeye, mwembamba, mkono unakwenda na kurudi, midomo inacheza kidogo. Mgeni atadhani anasali. Kumbe anaimba.

Mimi nimeolewa na mdogo wake. Nina kiduka cha kutoa kopi ng'ambo ya barabara, na saa ya chakula huwa navuka kwenda kukaa juu ya mafurushi ya nguo, yale yaliyotoka kwenye mashine bado ya moto. Usinicheke. Ukikaa pale na mvuke ule, na redio iliyowekwa juu ya kabati inaongea kwa sauti ya chini, usingizi unakuja bila kukuomba ruhusa. Nusu ya mambo ninayoyajua kuhusu Wifi nimeyasikia nikiwa kati ya kulala na kuamka, na mengine mpaka leo sina hakika kama aliyasema au niliyaota.

Mume wangu mtaani wanamwita Mtunzi. Mchana anaendesha gari la mikate la kiwanda cha mikate, jioni anashika gitaa. Ana nyimbo kumi na nane, zote katunga mwenyewe, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na ukimgusa kwenye hilo umegusa jicho lake. Mbili zinanihusu mimi, moja ya kunisifu na moja ya kunisema. Ya kunisema ndiyo tamu zaidi, Mungu anisamehe.

Sasa, hawa ndugu wawili. Marehemu mama mkwe alinisimulia kwamba walipokuwa wadogo walifua pamoja uani, beseni mbili, dada anafua, mdogo anasuuza, na wakifua lazima waimbe, sauti mbili. Mikono iko majini, macho yako kwenye nguo, hakuna wa kumpa mwenzake ishara. Basi dada alikuwa akivuta pumzi moja, ya kusikika, na mdogo wake akiisikia anaingia na sauti ya pili. Mama mkwe alisema mdogo hakuwahi kukosea, hata siku alizokuwa amenuna. Alikuwa akisimama dirishani jikoni kuwasikiliza na chakula kinaungua.

Miaka kumi na miwili iliyopita mume wangu alitunga wimbo wa sauti mbili. Sauti ya kwanza ilikuwa ya dada yake, hakufikiria mtu mwingine. Na mwezi huo huo, kama vile vitu vimepangana, bwana mmoja wa ofisi ya muziki akaingia dobi kuchukua mashati yake, akamsikia Wifi akiimba juu ya meza, akasahau mashati.

Wimbo aliopelekwa kuuimba ulikuwa tayari umekwisha kabla yeye hajafika. Sauti kaitunga huyu, maneno kayaandika yule ambaye hata hawakuonana, ngoma imepigwa na mashine, na kiitikio lazima kifike kabla dakika moja haijaisha, watu wasije wakachoka. Walimpa karatasi. Haruhusiwi kubadilisha hata "na". Akaimba siku mbili, siku ya tatu akarudi kwenye pasi yake. Kwenye jalada wakaweka picha ya msichana mwingine, mrembo kweli, simwonei wivu, na jukwaani alikuwa huyo huyo anafungua mdomo na kufunga. Wimbo ukavuma. Ulipigwa madukani, kwenye harusi, kwa vinyozi, mpaka watoto wa chekechea wakaujua. Wifi akipita barabarani anajisikia akiimba kila mlango, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Mume wangu aligeuka, lakini kumpa kisogo. Siku aliyoambiwa kwamba sauti ile ni ya dada yake, nilikuwepo. Alisema, "Dada, huko si kuimba. Huko ni kuwasomea watu karatasi yao."

"Nimeimba," Wifi akasema.

"Hujaimba."

Ikawa ndiyo basi. Wimbo wa sauti mbili akautia kwenye droo. Msinielewe vibaya, hawakugombana. Tunatembeleana, tunauguzana, mikate iliyobaki anampelekea. Ila kuimba pamoja kulikufa, na ule wimbo wa kiwandani ukianza nyumbani kwetu mume wangu anauzima kabla ubeti wa kwanza haujafika mwisho. Miaka kumi na miwili hajawahi kuusikia mpaka ukaisha. Mimi naupenda. Nausikiliza akiwa kazini, nimesema.

Siku moja nikiwa nimesinzia juu ya mafurushi, Wifi akaniambia bila kuinua macho, "Wifi, mimi sitaki aupende ule wimbo. Nataka aseme niliimba. Neno hilo tu, likinifikia nitashukuru." Hilo sikuliota. Nilifumbua macho nikaona ameirudisha pasi juu ya foronya.

Nikaamua kuingilia, kwa sababu mdomo wangu hauna kufuli. Mume wangu alipoleta mikate nikamwambia aketi, nikawasha moto mwenyewe: "Hebu mwambie dada yako kwa nini nyimbo zako ni nyimbo na wake si wimbo."

"Kwa sababu zangu zimenitoka mimi," akasema. "Nikikosea, nimekosea mimi. Ule wake nani kaukosea? Kamati?"

Wifi akatandaza shuka mezani, akalinyunyizia maji. "Shuka hili nimelifuma mimi?"

"Dada, shuka si wimbo."

"Sijalifuma. Sikulima pamba. Sijui atalala nani. Lakini leo mgonjwa ataweka shavu lake hapa, na atajua kama limenyooshwa na mtu au limepitishiwa pasi tu. Na wewe mikate unayobeba umeikanda?"

"Sijaiandika jina langu."

"Na mimi jina langu liko wapi?"

Akainuka, akachukua funguo za gari. Ndoa inataka nimuunge mkono mume wangu, na haki ya Mungu, anapoimba ule wimbo aliotunga wiki ile mama yake alipokuwa anaondoka duniani, mimi hutoka nje. Hakuna ofisi duniani ingeweza kuutengeneza ule. Lakini nilimtazama Wifi akikunja shuka, kona juu ya kona, na nikashindwa kusema nani kati yao anadanganya. Niliondoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Mwaka huu mume wangu akautoa ule wimbo wa sauti mbili kwenye droo. Amefika umri wa kuhesabu alichofanya na ambacho hajafanya, akasema ataurekodi, sauti zote mbili ataimba mwenyewe. Nilimwambia, "Mwite dada yako." Akanijibu kwamba dada yake ana wimbo wake. Nikapiga moyo konde nikaenda naye.

Studio ni ile ile aliyoimbia Wifi, mjini petu hakuna nyingine. Chumba kimezibwa kuta zake kwa mablanketi, hewa imesimama, mchana wa Jumamosi nje unasikika kama uko mtaa wa tatu. Fundi ni mzee mpole anayetembea na pamba masikioni, eti kelele za barabarani zinamharibia masikio ya kazi. Anaitoa akikaa kwenye mtambo, anaiweka kwenye kisahani, kama mtu anavyoweka meno yake.

Sauti ya kwanza ilikwenda vizuri. Fundi akaisafisha kidogo, akamrudishia masikioni, akamwambia sasa aweke ya pili. Ya pili inaingia baada ya ubeti wa pili. Mume wangu akaingia amechelewa. Akarudia, akawahi. Mara ya tatu hakuingia kabisa, alisimama tu mdomo wazi. Mara ya saba nikaanza kumwonea huruma. Mtu katunga mwenyewe kila neno, na anasimama nje ya wimbo wake kama mgeni asiyejua kama wenyeji wapo.

"Unasubiri nini?" Fundi akamuuliza.

"Sijui," akasema. Akavua vile visikilizi vya masikioni. "Kuna kitu umetoa."

"Pumzi. Natoa pumzi zote, ndiyo kazi yenyewe. Wimbo unatoka safi."

"Zirudishe."

Fundi akacheka. "Wewe ni wa pili kunisumbua kwa ajili ya pumzi. Wa kwanza alikuwa dada mmoja wa dobi, zamani. Huu wimbo unaopigwa kila mahali ni sauti yake, si ya yule wa kwenye picha. Hakuomba jina, hakuomba picha, maneno tuliyompa aliyachukua hivyo hivyo. Aliomba nimwachie pumzi moja, baada ya ubeti wa pili. Bwana wa ofisi hakutaka. Yule dada akakaa kwenye kiti hicho alichokalia mke wako, akasema hataimba ubeti wa tatu mpaka nimwahidi. Nikamwahidi. Nikamuuliza ya nini, akasema, hapo kuna mtu huwa anaingia."

Nilimtazama mume wangu, kisha nikaacha kumtazama, kwa sababu kuna nyuso ambazo hata mke anapaswa kuziachia nafasi. Fundi hakujua anaongea na nani. Akauliza kama ampigie ausikie. Mume wangu akasema hapana, amwekee kwenye flashi. Tulirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima kaishika flashi mkononi, na mimi, niandikieni hili, sikumuuliza.

Jumatatu saa ya chakula nilikuwa juu ya mafurushi niliposikia gari la mikate likisimama. Aliingia ameshika kreti mikononi, kwa haraka alisahau kuliacha nje, akaliweka sakafuni, akachomeka flashi kwenye redio. Zikatoka zile sauti za mwanzo ambazo kila mtu anazijua. Wafuaji wengine wakaanza kutingisha vichwa.

"Utauzima sasa hivi," Wifi akasema, pasi ikiendelea.

"Acha uende, Dada."

Ubeti wa kwanza ukapita. Nilimwona akifika pale anapouzimaga, vidole vikajikunja, vikatulia. Kiitikio kikaja kabla ya dakika, kama kilivyoamriwa. Dirishani mvuke ulikuwa umeshika mwanga, na vumbi la pamba lilikuwa linaelea polepole juu ya meza, na mimi nilikuwa katika ile hali yangu ya nusu usingizi, ambapo mambo hayana haraka. Ubeti wa pili ukaisha. Ngoma ikapungua. Na ndani ya wimbo ambao nimeusikia labda mara elfu moja, nikasikia, kwa mara ya kwanza, mtu akivuta pumzi.

Mume wangu akaingia.

Hakuamua. Nilikuwa namwona usoni, alishtuka mwenyewe kusikia mdomo wake. Maneno hakuyajua, angeyajuaje, basi akaimba bila maneno, sauti ya pili, ya chini kidogo, ile ya kwenye beseni. Na ilikuwa na mahali pa kukaa. Hapo ndipo moyo wangu ulipokatika, kwa kuwa nilielewa kwamba ubeti wa tatu wote ulikuwa umeimbwa na mtu aliyesogea pembeni kumwachia mwenzake nafasi, na miaka yote sisi tuliokuwa tukiucheza kwenye harusi tulidhani ndivyo ulivyotungwa.

Aliimba mpaka mwisho. Wimbo ukaisha, redio ikakaa kimya, mashine zikaendelea kuzunguka huko nyuma.

"Maneno yake mabovu," akasema.

"Mabovu sana," Wifi akasema. "Nilimwambia yule bwana, hakunisikia."

"Lakini uliimba, Dada."

Wifi alikuwa anamtazama mdogo wake, machozi yanamtiririka na hayafuti, mkono mmoja umesahauliwa mezani. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Niliruka kutoka kwenye mafurushi nikamwondolea pasi, na chini yake, katikati ya foronya ya hospitali, kulikuwa na alama nzima ya pasi, ya rangi ya chai. Wenzake wakasogea, wakaitazama, alama ya kwanza katika miaka kumi na tisa.