Nani Aliitwa Mtoto wa Stesheni

Mwaka ulikuwa 1976, kiangazi kilikuwa kimekolea, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na miezi mitano. Stesheni ya Usoke ilinuka vitu viwili wakati huo wa mwaka. Cha kwanza kilikuwa tumbaku iliyokaushwa, tamu puani na kali kooni, iliyofungwa marobota na kupangwa kando ya reli kusubiri mabehewa. Cha pili kilikuwa mafuta mazito yaliyochomwa na injini za mvuke. Moshi wake uliingia kwenye nyuzi za kanga na haukutoka kwa sabuni wala kwa majivu. Nilipokuwa nikirudi jioni kupitia kisimani, mama alininusa begani, kisha akasema bila kuinua uso kutoka kwenye chungu, "Naona siku hizi kisima chetu kinapitiwa na gari moshi." Hakuwa amekasirika. Alijua nilikotoka, kwa kuwa ndiye aliyenituma nikawauzie abiria wa kutoka Kigoma karanga za kuchemsha na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Asilolijua ni kwamba nilikuwa nikiuza haraka kuliko wenzangu, na kwa maneno matamu kuliko wenzangu, ili nipate muda wa kutazama treni.

Nilizipenda treni kupita kiasi, na sioni haya kulisema leo nikiwa na miaka hamsini na minane. Niliitambua injini kwa mlio kabla haijatokeza: ile iliyopiga honi ya kukwaruza kama mtu mwenye mafua, ile iliyohema kwa vishindo kama inabeba dunia, na zile mpya za dizeli ambazo wenzangu walizishangilia na mimi nikaziona hazina roho, zinanguruma tu kama mashine ya kusaga. Wenzangu hao walikuwa wavulana wanne. Kiongozi wao alikuwa Masanja, mtoto wa mkuu wa stesheni, aliyenizidi miaka miwili. Tulilaza masikio juu ya reli tukashindana kubashiri kama inayokuja ni ya abiria au ya mizigo. Tulikaa juu ya rundo la mataruma chakavu, vile vyuma vinavyolazwa chini ya reli, tukizungumza juu ya breki na bendera, na pia juu ya mbuzi wa nani kavunjika mguu, nani kachapwa, na kwa akina nani kumepikwa wali. Mara nyingi nilishinda mimi. "Kalunde, wewe una masikio ya sungura!" Masanja alikuwa akinipigia kelele, nusu kwa wivu, nusu kwa fahari. Kundi letu tuliliita Watoto wa Stesheni.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo kila mtu mzima wa Usoke alilijua na ambalo mimi sikuwa nimeambiwa. Neno hilo lilikuwa na maana mbili. Mvulana akiitwa mtoto wa stesheni, alikuwa anasifiwa: kijana mchangamfu, aliyezoea vyuma, atakayekuwa fundi au dereva, mzazi wake afurahi. Msichana akiitwa mtoto wa stesheni, alikuwa ameshakwisha. Maana yake ni yule anayengoja treni iwashushe wanaume. Hakuhitaji kufanya lolote ili aitwe hivyo. Ilitosha aonekane pale bila sinia kichwani. Sinia la karanga ndilo lililokuwa ruhusa yangu ya kusimama kando ya reli, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nikilitua, ruhusa nayo imetuliwa.

Nililitua Alhamisi, tarehe 12 Agosti. Treni ya mizigo iliyotoka Tabora ilikuwa imeingizwa njia ya pembeni kusubiri kupishana na ile ya abiria, kwa kuwa reli ni moja na lazima mmoja amngojee mwenzake. Gadi wake, mzee mwenye pengo la jino la mbele, ambaye kazi yake ilikuwa kusafiri katika behewa la mwisho na kukaza breki, alituona tumejipanga tukimkodolea macho. Akasema, "Njooni muone nyumba yangu, lakini atakayeiba bendera nitamfunga kwenye mtambo mpaka Kaliua." Wavulana wakapanda. Nikaweka sinia chini ya kivuli, nikapanda nami. Nakumbuka benchi lililong'aa kwa kukaliwa, jiko dogo la mkaa, taa yenye kioo chekundu, birika lililobonyea mdomo.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Na wewe binti, umefuata nini?"

"Nataka kuona breki inavyokaza."

Akacheka mpaka pengo lote likaonekana. Hakuniuliza zaidi. Alinishikisha gurudumu la breki, mikono yake haikugusa yangu, akaniambia niligeuze, na nikasikia chini ya nyayo zangu chuma kikiuma chuma. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile. Hata kitambulisho cha kupigia kura hakikunipa hisia ile.

Treni ya abiria ilipoingia, tulishuka tukikimbia ili tuione. Mimi nilishuka wa mwisho, bendera ya kijani aliyoniazima gadi mkononi, mafuta kwenye kanga. Kutoka katika behewa lililosimama mbele yangu akashuka shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akiishi Urambo na aliyekuja kututembelea bila taarifa kama kawaida yake. Akasimama na kikapu chake. "Huyu si Kalunde?" akasema, na sauti ya shangazi ilikuwa ikifika mwisho wa treni hata injini ikipumua. "Anatoka humo ndani na wanaume?" Wanaume wenyewe walikuwa watoto wanne wenye kaptula zilizochanika na mzee mwenye pengo.

Jumapili tarehe 15, baada ya ibada, baba aliitisha kikao nyumbani. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mpole, asiyepiga watoto. Hilo nalisema kwa haki. Januari iliyofuata nilikuwa niandikishwe darasa la kwanza. Nilikuwa nimechelewa kwa sababu nililea wadogo zangu, lakini ahadi ilikuwapo na sare ilikuwa imeshashonwa. Alikuwapo shangazi, mama alikuwa ameketi mlangoni, na mkuu wa stesheni alikuwa ameombwa aje na Masanja ili kijana atoe ushahidi. Baba hakutaka kunihukumu bila kusikia. Ndiyo maana inaniuma hadi leo: walikusudia kutenda haki.

"Masanja, mwanangu, sema kweli mbele ya wazee," baba aliuliza. "Kalunde huko anafanya nini?"

Masanja akasimama wima. Alikuwa anatabasamu. "Kalunde? Kalunde ni mtoto wa stesheni hasa, baba. Anatushinda sote."

Shangazi akapiga kofi moja. "Mmesikia wenyewe. Tena anawashinda wote!"

Baba yake Masanja alicheka kidogo, akampapasa mwanawe kichwani. Baba yangu akatazama chini. Nilimwangalia Masanja, nikamwona anaziangalia nyuso za wakubwa moja baada ya nyingine, na nikaona tabasamu linamtoka. Alifahamu kuwa kuna kitu kimeharibika. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa na ulimi. Lilikuwa limebaki jambo dogo tu, aseme: nilimaanisha treni, anatushinda kuzitambua treni. Hakusema. Akakaa. Baba akatamka kwamba sitaandikishwa, kwa kuwa shuleni kuna wavulana wengi kuliko stesheni, na kwamba nitaondoka na shangazi. Mama aliinuka mlangoni akaenda jikoni. Sare akapewa mdogo wangu wa kike baadaye, ikampwaya miaka miwili.

Niliishi Urambo katika tumbaku. Nilipanda, nilipalilia, nilitunga majani kwenye vijiti, nililinda moto wa kukaushia, na reli ilikuwa karibu kiasi kwamba kila injini iliyopita niliisikia nikaitambua, na nikajifunza kuichukia nafasi ile iliyokuwa kati ya masikio yangu na reli. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa na mwanamume aliyeamini kwamba mke asiyesoma ni mke aliyeibiwa. Maneno hayo ni yake. Tarehe 4 Oktoba 1993, nikiwa na miaka ishirini na saba na watoto watatu, nilikaa darasani kwa mara ya kwanza, katika darasa la watu wazima, mume wangu akiwa nyumbani anakoroga uji. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 2001 kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sikusaidiwa na mtu yeyote wa Usoke. Mume wangu alifariki mwaka 2015, na mpaka pumzi ya mwisho aliniita mwalimu, ingawa sikuwahi kufundisha. Masanja alisoma kwa wakati wake, akawa fundi wa injini katika karakana ya Tabora, akastaafu kwa heshima. Sina kinyongo na ustadi wake. Nina hasira na urahisi wa njia yake.

Miaka michache iliyopita wapenzi wa reli wa Tabora na vijiji vyake walianzisha kundi la wasap, na mwanangu Eliya akaniingiza humo kwa kuwa alinijua. Nakiri kwamba nililipenda. Watu hutumiana picha za injini kongwe zilizoota majani, sauti za honi zilizorekodiwa Kaliua na Urambo, mabishano ya wapi hasa reli iliiacha njia ya zamani ya misafara na wapi iliifuata, habari za reli mpya ya kisasa inavyojengwa, na katikati ya hayo yote mtu hueleza leo amekula nini na mjukuu wake ameota jino. Ilikuwa kama kukaa tena juu ya yale mataruma chakavu. Humo nilimkuta Devota, binti wa Ulyankulu mwenye miaka ishirini na minne, anayepiga video za treni kuliko wanaume wote, na ambaye ndiye katibu. Humo nilimkuta Masanja, mwenyekiti. Alinisalimu kwa furaha, akaandika mbele ya wote kwamba Mama Eliya alikuwa na masikio ya sungura.

Kisha kundi likaamua kujisajili kuwa chama, na mwenyekiti akapendekeza jina: Watoto wa Stesheni. Wakashangilia kwa vidole gumba na vicheko. Niliandika neno moja, "Hapana." Vikaja vichekesho: mama anataka tuitwe Wazee wa Stesheni. Devota alinipigia simu, kwa adabu kabisa. "Shikamoo, mama. Mimi jina nalipenda. Mimi mwenyewe najiita mtoto wa stesheni. Lina ubaya gani?" Nikamweleza. Akasema, "Kumbe ndiyo maana bibi yangu hunikataza kulitamka." Bibi wa Ulyankulu, aliyefika huku kama mkimbizi akiwa mtu mzima, alijifunza hata tusi letu. Hapo hasira yangu ilipanda upya, maana nilitambua kwamba neno lile halikufa na wale walionihukumu. Lilikuwa limengoja, na sasa lilitaka kupewa cheti.

Mkutano ulifanyika Tabora mjini, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024. Wanaume wengi walikuwa wameshavaa fulana za bluu zenye jina hilo mgongoni. Mwenyekiti alinipa nafasi, nami nikasimulia haya niliyoyaandika hapa, bila kupaza sauti na bila kuficha jina la mtu. Masanja alisimama.

"Kalunde, mimi nilikusifia! Mungu anajua, nilikusifia."

"Ulinisifia mbele ya nani, Masanja?"

"Nilikuwa mtoto."

"Mimi pia nilikuwa mtoto. Nilikuwa mdogo kwako."

Mhazini, mtu wa utani mwingi, alijaribu kusema tumalize yaishe, chai inapoa. Wanawake waliokuwa wakipika chai hiyo, wake wa wanachama, walikuwa wamekusanyika mlangoni, na mmoja wao mwenye mwiko mkononi akasema, "Chai ni yetu, na itapoa mpaka tuseme sisi. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo pale Urambo, na huyu mume wangu aliyevaa fulana ndiye wa kwanza kuniita." Watu walicheka, mume hakucheka. Kura ikapigwa kwa mikono, na jina likaanguka.

Devota akasoma alichokiandika katika kumbukumbu za mkutano: jina limeondolewa kwa heshima ya Mama Eliya. Nikainuka tena. Nilisema sikuja kuomba heshima, na kwamba nisingekubali wajukuu wao wasome kuwa jina zuri liliachwa kwa kumhurumia mjane. Iandikwe sababu. Mwenyekiti akapendekeza iandikwe kwamba jina lilikuwa tusi kwa baadhi ya watu. "Baadhi gani?" nikauliza. Nikamngoja, kwa kuwa nilishawahi kumngoja mtu huyu aseme sentensi moja. Safari hii aliisema. "Kwa wasichana," akasema. "Kwetu wavulana lilikuwa sifa, na tulijua."

"Andika," nikamwambia Devota. "Hilo la kujua nalo liandike."

Akaandika. Masanja akainama juu ya meza kutia saini, mgongo wake umenielekea, na maneno Watoto wa Stesheni yalikuwa pale kwenye fulana yake kwa herufi nyeupe, nikayasoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hukumu ya baba haikuandikwa popote, na hakuna aliyetakiwa kuitia saini. Nikaomba kalamu. Nikatia saini kama shahidi, jina langu lote kwa herufi kubwa, na tarehe ya siku ile pembeni, kisha nikaondoka bila kunywa chai.