Salio la Kumleta Mtoto

Wanafunzi walimwita Ticha Sindano, na jina likamganda hadi walimu wenzake wakasahau kwamba alikuja na jina jingine kwenye pasi yake ya kusafiria. Alifundisha ushonaji katika shule binafsi ya ufundi, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye safu tatu za vyerehani na dirisha moja lililogoma kufunguka. Yeye mwenyewe darasani hakukaa sana. Alitolewa shule mapema akakalishwa kwenye cherehani cha shangazi yake, na tangu hapo hakujua kazi nyingine. Lakini ukimpa kitambaa na mtu wa kuvalishwa, alimpima kwa macho tu akakata, na nguo ikakaa mwilini kama imezaliwa naye.

Kipaji hicho ndicho kilichomvusha mpaka. Wakala alikuja kwao kutafuta mafundi wa kufundisha nje, akaona koti alilolishona, akamwambia afunge mizigo. Baba wa mtoto wake alikuwa ameshaenda zake siku nyingi, bila hata kuaga. Ticha Sindano akamwachia mdogo wake wa kike binti yake, Kifungo, mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya kidole akilala.

“Nitakuita mwakani,” alimwambia mlangoni.

Mwakani ikaja na kupita, ikaja nyingine, na nyingine. Mama mdogo akageuka kuwa mama, na yeye aliyezaa kwa uchungu akawa “mama wa kwenye simu”. Kifungo hakulisema hilo kwa ubaya. Alilisema kama unavyosema dukani unataka sabuni ya kipande au ya unga.

Wiki ile Ticha Sindano alipofika ugenini, mhasibu wa shule aliwapakia walimu wageni kwenye gari la shule na kuwapeleka benki kufunguliwa akaunti. Huko waliwekewa karatasi mbele, wakaoneshwa pa kutia sahihi. Moja ilikuwa ya kuiruhusu shule kuchukua pesa kwenye akaunti zao moja kwa moja. Walimu wenyeji hawakuwekewa karatasi hiyo. Ticha Sindano alikuwa mzito wa kusoma lakini si mzito wa kuuliza.

“Hii ni ya nini?”

“Utaratibu tu, dada,” mhasibu alisema, huku anatafuna ubani. “Siku tukikosea tukakuzidishia mshahara, tunarudisha kilichozidi. Au wewe ungependa kula cha watu?”

Wenzake wakacheka. Akatia sahihi.

Makosa ya shule yakawa hayaishi. Mwezi huu wanachota kwa sababu ya pazia lililochanika kwenye nyumba za walimu, mwezi ujao kwa sababu ya siku uliyolala na homa, mwezi mwingine kwa sababu mwanafunzi wako ameacha shule na lazima awepo mtu wa kulaumiwa. Hawakuambii kitu. Unakwenda kwenye mashine ya kutolea pesa, unaingiza kadi, unakuta pengo. Ndiyo maana siku ya mshahara walimu wageni walikuwa na mbio zao. Kengele ya mwisho ikilia, hao, wanaume kwa wanawake, vumbi la chaki bado mikononi, wanaiwahi mashine iliyoko karibu na duka la dawa kabla mhasibu hajamaliza chai yake.

Kinara wa mbio hizo alikuwa mwalimu wa hesabu, mgeni naye, mrefu kama mlingoti, mwenye mdomo usio na breki.

“Ticha Sindano, leo ndiyo leo! Vaa raba twende!”

“Nenda tu, kaka. Mimi siwezi kukimbia na pesa yangu kama mwizi.”

“Mwizi yuko ofisini anapuliza chai, dada yangu. Tunaokimbia ni wenye mali!”

Alicheka, lakini hakukimbia, na haikuwa kwa maringo. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa imemweleza wazi: mgeni anayetaka kumleta mwanawe lazima aoneshe pesa benki, kiasi kilichotajwa, na zikae mwaka mzima bila kupungua, ili mtoto asije kuwa mzigo kwa nchi ya watu. Pesa za chini ya godoro hazihesabiki. Akaunti ya pili mgeni hafunguliwi bila mwajiri wake kukubali, na mwajiri hakubali. Kwa hiyo zilitakiwa zikae palepale, kwenye akaunti ileile, mbele ya mkono uleule wa shule.

Akapiga moyo konde. Jioni na Jumapili alishonea watu chumbani kwake: sare za wahudumu wa hoteli, magauni ya harusi, mapazia ya daktari mmoja ambaye mkewe hakuridhika na kitu chochote chini ya jua. Alichopata alikipeleka mwenyewe kaunta. Aliweka kupita kiasi kile, ili shule ikidokoa salio lisishuke chini yake, kisha anajazia. Alijinyima mpaka mwalimu wa hesabu akamwambia, “Dada, sasa hivi tukikuanika kwenye kamba, upepo utakuchukua.” Mgongo ukaanza kumuuma, machozi yakaanza kumtoka akitunga uzi. Lakini mwaka ulizunguka, na salio likasimama pale palipotakiwa.

Tena lilisimama katika dakika za mwisho. Kifungo alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na minane, na kwa sheria ya pale, akishaitimiza si mtoto wa mtu tena. Hawezi kuitwa na mama yake. Ataomba mwenyewe kama mgeni yeyote, na wageni wa namna yake walikuwa wanakataliwa kila siku.

Kulibaki kitu kimoja, barua ya mwajiri ya kusema kweli huyu ni mwalimu wetu. Akaenda kwa mhasibu kuiomba.

“Hakuna shida,” mhasibu alisema. “Niletee na taarifa ya benki, niambatanishe.”

Akamletea. Mhasibu akaisoma, akairudia, akavua miwani.

“Kumbe wewe tajiri, Ticha! Sisi tunakuonea huruma bure.”

“Za mtoto hizo, kaka.”

“Naam, za mtoto. Njoo wiki ijayo uchukue barua.”

Wiki iliyofuata barua ilikuwepo, imepigwa muhuri, haina tatizo hata moja. Alimshukuru mhasibu kwa mikono miwili. Mchana huohuo alimpigia Kifungo simu, na mtoto akapiga ukelele mpaka mama mdogo akaja mbio akidhani kuna msiba. Siku hiyohiyo Kifungo aliwaaga rafiki zake na kumpa binamu yake kitanda.

Kesho yake Ticha Sindano alikwenda benki kuchukua taarifa mpya ya kupeleka uhamiaji pamoja na barua. Karani alikuwa msichana mdogo mwenye kucha ndefu. Aliandika, akatazama, akaandika tena.

“Unataka taarifa ya akaunti hii, mama?”

“Ndiyo, mwanangu. Yenye muhuri.”

“Haina kitu.”

“Angalia vizuri. Labda umekosea namba.”

Karani akageuza kioo cha kompyuta ili aone mwenyewe. Ticha Sindano alizijua tarakimu, na alichokiona hakingenunua hata mkebe wa vifungo.

“Zimechukuliwa juzi,” karani alisema, sauti imeshuka. “Na shule yako.”

“Lakini hizi hawakunilipa wao! Nimezileta mimi hapa, kwa mkono huu! Wewe mwenyewe umewahi kuzipokea!”

“Nakukumbuka, mama. Ila ruhusa uliyowapa haichagui. Wanaweza kuchukua chochote kilichomo.”

Watu kwenye foleni wakaanza kukohoa kikohozi cha wenye haraka. Aliomba kumwona meneja, na meneja akamwambia maneno yaleyale akiwa amekaa kwenye kiti kizuri zaidi.

Hakumbuki alivyofika shuleni. Mkurugenzi, mwenye shule, alikuwa mwanamke wa makamo kama yeye, mnene, mwenye manukato yaliyokusalimia ukiwa bado kwenye ngazi. Alimkaribisha kiti, akamwagizia hata maji.

“Hatujakuibia, Ticha. Usije ukaenda kusema tumekuibia. Tumezuia tu.”

“Mmezuia kwa kosa gani?”

“Hujakosa. Ila tuna uzoefu na wageni. Mgeni akishaleta familia, anatafuta shule nyingine inayolipa zaidi, na sisi tuliogharamia kumleta tunabaki tunakodoa macho. Ukimaliza mkataba wako salama, tunakurudishia.”

“Mkataba huu wa sasa umebakiza miaka miwili, Mkurugenzi. Mtoto anatimiza kumi na minane mwezi ujao.”

“Basi hongera, umekuza!”

Ticha Sindano aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye zulia. Hakupanga. Miguu ndiyo iliyoamua.

“Dada yangu, na wewe mzazi. Nirudishieni kwa wiki moja tu. Uhamiaji wazione, wampe mtoto kibali, halafu chukueni zote. Chukueni na mshahara. Nitawashonea bure mpaka mkataba uishe. Wazione tu.”

Mkurugenzi alinyoosha mkono kama atakayemwinua, akaurudisha. Kisha akajifuta jasho shingoni.

“Unajua unachoniomba? Tuweke pesa wazione, halafu tuzitoe. Huo ni udanganyifu, Ticha. Mimi siwezi kuidanganya serikali.”

Alikwenda polisi, wakamwambia ni jambo la kazi. Alikwenda ofisi ya kazi, wakamwambia ana haki ya kufungua kesi, tena anaweza kushinda, ila siku akifungua mwajiri anaweza kumfukuza, na akifukuzwa kibali chake kinakufa, na kibali kikifa kesi itaendeshwa na nani? Kijana aliyemweleza hayo aliyaeleza kwa upole, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Mwalimu wa hesabu alipitisha kofia kwa walimu wageni, wakatoa walichoweza, watu ambao wenyewe waliishi kwa mbio. Kilichopatikana kilikuwa cha kutia machozi, si cha kuvusha mtoto mpaka.

“Nisamehe, dada,” alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. “Hesabu inakataa.”

Mwisho hapakubaki mlango mwingine wa kubisha. Jumamosi alikaa kitandani akapiga simu nyumbani. Kifungo alipokea kabla haijaita vizuri.

“Mama! Nije na nguo za baridi au huko kuna joto?”

“Mwanangu, tulia nikwambie.” Akamwambia yote, akianza na barua na kuishia kwenye zulia la Mkurugenzi.

“Shule imeingia kwenye akaunti yako ikachukua pesa zako,” Kifungo alisema polepole.

“Ndiyo.”

“Na benki ikatazama tu.”

“Benki ndiyo iliyowapa, mwanangu.”

Kifungo akacheka. Hakikuwa kicheko cha mtoto, na mama yake hakujua amekitoa wapi.

“Mwaka ule ulisema kibali. Mwaka mwingine ukasema mgongo. Hii ya leo ungeitafutia akili kidogo, mama. Kwa nini husemi tu hutaki nije?”

“Kifungo! Nakuapia kwa uchungu niliokuzaa nao!”

“Ngoja nikupe mama.”

Mama aliyepewa simu alikuwa mdogo wake. Naye alikuwa anahema kwa hasira.

“Dada, mtoto ameshaaga watu. Kitanda ameshagawa. Kama una mwanaume huko hataki mtoto wa mtu, sema. Sisi ni watu wazima, tutaelewa.”

“Mwanaume gani, mdogo wangu? Mwanaume nimtoe wapi, mimi na vitambaa vya watu?”

“Sasa nani ataamini benki inafungua mlango mwajiri achote? Hapa kwetu hata mume hachukui za mkewe kaunta.”

Ticha Sindano akakumbuka kwamba ile taarifa ya benki aliichukua. Hakuwa na la kupeleka uhamiaji, lakini karani mwenye kucha ndefu alimgongea muhuri hivyohivyo. Aliipiga picha kwa simu yake, muhuri ukionekana sawasawa, akaituma. Ushahidi huo. Hakuweza kusoma maneno yote, lakini aliziona tarakimu zilizokuwepo na zilivyotoweka, na mtoto alikuwa amesomeshwa. Ataona.

Akapiga tena. Ilichukua muda, kisha Kifungo akapokea.

“Nimeisoma.”

“Umeona sasa, mwanangu? Umeona walichonifanya?”

“Nimeona pesa zimetoka zote siku moja. Pembeni pameandikwa, ‘Zimetolewa kwa idhini ya mwenye akaunti.’” Kifungo alikuwa haongei kwa hasira tena. Sauti yake ilikuwa imechoka, kama ya mtu mzima. “Mwenye akaunti si wewe?”

Alitaka kueleza, akaanza na gari la shule, na karatasi, na mhasibu na ubani wake, lakini kila neno lilipotoka lilisikika hata masikioni mwake kama uongo wa mtu aliyebanwa.

“Ni wewe au si wewe, mama?”

“Ni mimi,” alisema.

“Haya,” Kifungo akasema. “Lala salama.” Ilikuwa saa nane mchana.