Gari Lililopiga Magoti Buganguzi

Bei ilikuwa imefungwa. Dada yangu alinionya hivyo asubuhi ile kabla sijawasha pikapu.

"Usiende kunitia aibu, mdogo wangu. Hawa watu hawapunguzi."

Nilimjibu kwamba hakuna mtu asiyepunguza. Kuna mtu ambaye hajaulizwa vizuri. Nimenunua kahawa na ndizi Buganguzi na kuziuza Bukoba mjini tangu ndevu zianze kuota, na sikumbuki kulipa bei ya kwanza kwa mtu yeyote, kinyozi wangu akiwemo. Dada alitazama nje ya dirisha. Alikuwa ameuguza wazee wa watu ughaibuni kwa miaka mingi, akarudi nyumbani na akiba yake na wazo moja ambalo hakuna aliyeweza kulitoa kichwani mwake: gari jipya, la kifahari, ambalo hakuna Mjapani aliyelikalia kabla yetu.

Mtu asiyetufahamu angesema ni majivuno. Ukweli ni kwamba gari lile lilinunuliwa kwa sababu ya goti la mama.

Mama yetu alikuwa hajatoka kijijini tangu goti lake lilipokataa kukunjika. Gari alilopanda mara ya mwisho lilikuwa hili hili pikapu langu, alipozidiwa homa. Wanaume wawili walimwinua, mmoja mabega, mwingine miguu, wakampandisha mbele ya majirani waliokuja kutoa pole. Alipona homa, lakini kule kubebwa hakupona. Aliporudi alisema, "Mimi si gunia la kahawa. Atakayenibeba tena, anibebe nikiwa nimekufa." Na kweli, tulijaribu stuli, tukajaribu tofali, tukajaribu gari la jirani, yeye anaangalia kile kimo, anaangalia watu waliosimama, anarudi ndani.

Tatizo ni kwamba mdogo wake wa pekee, mama yetu mdogo, anaishi Rubafu, upande wa pili kabisa wa Bukoba, na macho yake yalikuwa yanafifia. Alikuwa amefikia kutembea uani kwa kufuata kamba ya kuanikia nguo. Jioni moja kwenye simu alimwambia mama kwamba sasa anawatambua wajukuu kwa sauti, lakini mtu akisogea karibu kabisa, mchana, bado anaona sura. Mama alikata simu, akasema kama anajisemea, "Basi sura yangu ataisahau." Dada alikuwa jikoni. Alisikia. Wiki ile ile akaanza kupigia simu kampuni za magari.

Kampuni yenyewe iko Dar es Salaam. Walilileta gari juu ya lori, likiwa limefunikwa kama bibi harusi, na wakakodi bustani ya hoteli moja Bukoba inayotazama ziwa kwa ajili ya makabidhiano. Tulipofika tulikuta zulia jekundu juu ya nyasi, meza yenye glasi nyembamba za juisi yenye mapovu, na kitambaa cheusi kinachong'aa kikiwa kimefunika kitu kikubwa chenye utepe mwekundu juu. Pembeni alisimama ofisa wa kampuni, mama wa makamo, mwenyeji wa Tanga, suti nyeusi, ushungi wa rangi ya maziwa na viatu vya kisigino ambavyo tayari vilikuwa vinazama kwenye nyasi.

"Karibuni sana, wateja wetu. Leo ni siku yenu."

Dada alivuta utepe. Kitambaa kikateleza. Sitasema uongo, hata mimi lilinivutia. Lilikuwa jeusi kiasi kwamba niliona uso wangu mlangoni, na uso wenyewe haukuonekana wa mtu mwenye msimamo. Nikajirudi haraka, nikaanza kuhesabu. Funguo mbili. Mazulia manne. Mwavuli mmoja, umefichwa ndani ya mlango kama upanga. Matairi manne. Nikazunguka tena. Manne.

"Dada," nilimwita ofisa, "la tano liko wapi?"

"La tano?"

"La akiba."

"Ah. Muundo huu hauna tairi la akiba, mheshimiwa. Kuna pampu na dawa ya kuziba pancha."

"Hata pikapu langu, ambalo mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba, lina tairi la akiba."

"Nakubali, mheshimiwa."

"Basi punguza."

"Bei imefungwa, mheshimiwa."

Alisema kwa upole wa watu wa pwani, ule usio na mlango wa kuingilia. Nikaona nimekutana na mtu wa kazi. Nikaliweka lile tairi moyoni, nikaendelea kuzunguka, na ndipo nikaona kitu: gari lilikuwa linashuka. Ofisa alikuwa amebonyeza kitufe kwenye rimoti, akimweleza dada jambo, na mbele yangu gari zima likashuka taratibu huku likitoa pumzi.

"Haya! Lina pancha!" nikapiga kelele. "Tena matairi yote manne! Na la akiba hamna!"

Wahudumu wa hoteli wakacheka. Ofisa naye alicheka, kwa adabu, akifunika mdomo. Akaeleza kwamba gari limekaa juu ya mifuko ya upepo badala ya springi, na mtu akitaka kupanda, linajishusha. Dada alinitazama kwa jicho la "nilikuambia". Yeye alikuwa analijua hilo, ndilo alilolinunua. Hakutaka kunieleza mapema kwa sababu, alisema baadaye, ningeenda kumwambia mama, mama angejiandaa kukataa.

Kisha ikaja sehemu ambayo ofisa hakuitegemea. Alifungua mlango wa dereva, akanyoosha mkono.

"Sasa mteja wetu, karibu kwenye usukani. Nikufundishe, tupige picha, makabidhiano yakamilike."

"Siwezi kukaa," dada akasema.

"Kuna shida?"

"Mama bado hajakaa."

Kwetu kitu kipya hakianzwi na mtoto wakati mzazi yupo. Baba alipojenga nyumba yake, ilisimama imekamilika, mvua inanyesha, yeye analala kwenye banda la kuku akimsubiri babu afike kuwasha moto wa kwanza. Dada ameishi ughaibuni, anakunywa chai bila sukari, lakini hilo halikumtoka. Ofisa alitazama siti tupu, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye mwenye akili pale, jambo ambalo si kila mtu hunifanyia.

"Mheshimiwa, mteja asipokaa kwenye usukani nikamfundisha, kazi yangu haijaisha. Nina ndege ya jioni."

Hapo nikaona upenyo. "Tufanye hivi. Wewe si mtoto wa mama yetu. Wewe unaruhusiwa kukaa. Liendeshe mpaka nyumbani, mama akae, umfundishe dada njiani wakati wa kurudi, ndege unaiwahi."

"Nyumbani ni wapi?"

"Buganguzi. Hapo Muleba tu."

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Na tairi la akiba nalisahau."

Alifikiri kidogo. "Unalisahau kabisa?"

"Kwa leo."

Hivyo ndivyo ofisa alivyosafiri peke yake kwenye gari la kifahari, viti vyote vikiwa na nailoni, na mwenye gari akasafiri nyuma yake kwenye pikapu la ndizi, akipuliziwa vumbi na mali yake mwenyewe tulipoacha lami. Nilimuuliza anajisikiaje. Akasema nikaze ile kamba ya mlango.

Mama alikuwa amekaa barazani, amevaa vitenge vyake vizuri. Habari zilikuwa zimemfikia. Buganguzi habari hazisubiri gari. Majirani nao walikuwa wametawanyika kwenye kibanja, kila mmoja akijifanya anakagua migomba isiyo yake.

Dada alikwenda kwanza. Akapiga magoti kwenye udongo kama tulivyolelewa, bila kuijali suruali yake ya bei ghali, akamsalimia mama kwa Kihaya. Ofisa alisimama kidogo akiangalia, halafu akavua vile viatu, akasogea, na yeye akapiga magoti kando ya dada. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe ni wa nani?"

"Mimi nimeleta gari, mama."

"Gari refu," mama akasema, bila hata kuligeukia vizuri. "Nimeliona. Ni zuri. Ndizi zimeiva, kaeni mle."

Akatoa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, akampa mgeni punje chache kiganjani. Nikajua maana yake: karibuni, na mazungumzo ya gari yameisha. Jirani mmoja mwenye mabega mapana, kwa nia njema kabisa, akasema kutoka kwenye migomba, "Tuko hapa, mama, tutasaidia kukuinua." Uso wa mama ukafungwa kama duka.

Dada alinishika mkono. Nikamwambia ofisa kwa sauti ndogo, "Lishushe."

Akabonyeza. Gari likatoa ile pumzi yake ndefu, likashuka taratibu mpaka likatulia. Si kwamba lilishuka sana, upana wa kiganja hivi. Lakini kwa goti la mama, tofauti ya kupanda na kubebwa ilikuwa upana huo huo.

Mama aliliangalia gari, akamwangalia dada ambaye bado alikuwa na udongo magotini, akaliangalia gari tena.

"Limepiga magoti," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani amelifundisha?"

"Limetengenezwa hivyo, mama," ofisa akajibu.

Mama akainuka. Akaja na fimbo yake mpaka mlangoni, akaweka kiganja juu ya paa kama anavyotuwekea sisi kichwani, akaliitikia salamu kwa Kihaya, neno kwa neno, hakuruka kitu. Kisha akamgeukia ofisa, na hapo nikasikia sauti ninayoijua, kwa maana ndiyo iliyonifundisha biashara.

"Litabaki hapo chini mpaka nimalize kupanda?"

"Litabaki, mama."

"Halitasimama nikiwa katikati?"

"Halitasimama."

"Na nikishuka?"

"Litapiga magoti tena."

"Hata Rubafu?"

Dada aligeuka akatazama migomba.

"Hata Rubafu, mama."

"Hata watu wakiwa wanaangalia?"

"Watu wakiwa wengi, ndivyo linavyokuwa na adabu zaidi," ofisa akasema, na mama, ambaye hachekei wauzaji, akacheka.

Alikubali kwa masharti. Asishikwe. Nailoni itolewe, kwa sababu yeye si redio. Na haendi kwa mdogo wake mikono mitupu: mkungu mmoja wa ndizi, akamwani, na kikapu cha viazi. Dada alisema taratibu kwamba utomvu wa ndizi hautoki kwenye zulia la rangi ile. Mama akamuuliza zulia limewekwa ndani ya buti ili lifanye nini. Mkungu ukaingia. Mama akageuza mgongo, akakaa kwanza, akavuta mguu mzima, kisha akauvuta ule mwingine kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemgusa. Jirani wa mabega mapana ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, mwanaume mzima.

Dada akakaa kwenye usukani, ofisa pembeni yake akimfundisha, mimi nyuma na mama. Mvua ilitukamata kabla ya Bukoba. Tulimshusha ofisa haraka uwanja wa ndege, viatu mkononi, na picha ya makabidhiano haikupigwa. "Mtanitumia," alisema, akakimbia.

Rubafu tulifika jua likiwa bado lipo. Mama mdogo alikuja akiongozwa na mjukuu, mkono mmoja mbele. Mlango ulifunguliwa, gari likashuka, na mama akafanya haraka kujisogeza ili ashuke. Hakuwahi. Mdogo wake alikuwa amepapasa siti, akaona iko chini, akaingia mwenyewe, akamshika mama uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu na wake, karibu kabisa, upande wa mwanga.

"Umezeeka, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima.

"Na wewe umekuwa mbaya," mama akajibu.

Walikataa kutoka. Walikaa mle wakitafuna akamwani, mlango wazi, na wajukuu wakapewa kila mmoja zamu ya kuja kuangaliwa. "Hili gari la nani?" nilimsikia mama mdogo akiuliza. "Langu," mama akasema. "Watoto wananiendeshea." Dada, aliyelipa, alikuwa amekaa juu ya kikapu cha viazi akifuta macho kwa ncha ya kitenge alichoazima. Hakupinga.

Niliwapiga picha, wawili wale kwenye siti ya nyuma, mkungu wa ndizi ukionekana nyuma ya vichwa vyao. Nikamtumia ofisa kwenye simu. Alijibu baada ya muda: alishukuru, akasema makabidhiano sasa yamekamilika, kisha akauliza yule bibi wa pili ni nani, na kama watoto wake nao wangependa gari.

Nikamwandikia kwamba tunaweza kuongea. Tuanze na tairi la akiba.