Picha Isiyo na Mtu

Kila nikionesha kazi zangu Dar es Salaam, hakosekani wa kuniuliza kwa nini nachora sanaa dhahania. Wengine hujijibu wenyewe: eti nimelikimbia umbo, eti navunja mipaka. Mimi huwaachia wamalize, nakunywa soda yao. Ukweli ni kwamba nimelelewa Mbuchi, kijiji cha delta ya Rufiji, katika nyumba ambayo picha ya kiumbe chenye roho haikupita mlangoni.

Baba yangu hana mzaha na jambo hilo. Kalenda ya duka ikija na sura ya mtu, alikata tarehe akazibandika ukutani, sura akaitia motoni. Mama aliwahi kuletewa khanga ya tausi. Akaambiwa aivae shambani tu, asiswalie. Mimi nilichora samaki kwa mkaa, nikachapwa. Nikachora mbuzi, nikachapwa tena. Basi nikaanza kuchora matope maji yakishatoka: mikondo, na mashimo ya kaa bila kaa mwenyewe. Hapo sikuguswa. Wataalamu wa mjini waseme wanavyotaka, mimi dhahania niliijua kwa kukwepa fimbo.

Mama alipofariki, ile amri ya baba ikaanza kuniuma. Hatukuwa na picha yake ya kuangalia. Iliyopo ni ile ndogo ya kitambulisho, na baba amekifungia sandukuni. Miezi ilivyopita nikajikuta naisahau sura yake, na hilo lilinitisha kuliko msiba wenyewe. Nilitaka mama awepo nyumbani kwake, ukutani, nikifika nimwone. Ningemchora uso, baba angeuchoma siku hiyohiyo.

Nikamchora kwa namna ninayoiweza, kwenye chumba nilichopanga Kibiti. Nilianza na kijani cha mpunga unaoanza kugeuka njano, maana ndio wakati aliokuwa akishinda juu ya dungu kufukuza ndege. Chini nikaweka weusi wa matope ya mikoko. Katikati nikapitisha mkanda mrefu wa rangi ya udongo, umeegemea kushoto, kwa kuwa mama alisimama hivyo siku zote, uzito wote mguu mmoja, hata akiwa anatugombeza. Jicho sikuweka, wala mkono.

Niliifunga kwenye nailoni nikaipeleka kwa boti. Baba aliikagua kama mtu anayenunua mbuzi, mbele na nyuma.

"Ina roho hii?"

"Haina, baba."

"Sasa ni kitu gani?"

"Rangi tu."

"Kama rangi tu, itundike."

Nikaitundika sebuleni kwa mkono wangu. Kwamba ni mama, sikumwambia. Nilirudi Kibiti nikiwa na furaha, na hofu kidogo, maana baba akibadili mawazo hamtafuti mtu kumshauri.

Baada ya Ramadhani nikaja kuwasalimia nyumbani. Ukuta mtupu. Chini yake wamekaa wazee wa msikitini wanakunywa kahawa, wanabishana habari ya bei ya mchele. Niliwaamkia vizuri, nikaingia jikoni na hasira zangu. Walipoondoka tu nikatoka. Kwa baba yangu mtu hapandishi sauti, lakini siku ile nilipandisha.

"Baba, ile picha umeichoma?"

"Nani kachoma?" Alikuwa ameinama anakusanya vikombe. "Ipo chumbani kwangu, juu ya kitanda."

"Umeihamisha kwa nini? Si uliikagua mwenyewe? Haina hata mtu!"

Akavipanga vikombe kwenye sinia, kimoja ndani ya kingine, bila kuniangalia.

"Hapa wanakuja wanaume, wanakaa wanamkodolea macho," akasema. "Mama yako tangu lini akakaa sebuleni na wageni wanaume?"

Nikakaa chini nikalia. Yeye akaenda kuosha vikombe.