Ndolo na Yuka za Ploti ya Irungu

Ndolo alikuja Kitengela, Kajiado, mwaka wa 1994 kukaa miezi mitatu. Mwenye ploti, Irungu, alikuwa amepata kazi Botswana, na siku zile ploti tupu ya Kitengela ilikuwa kama nyama iliyoachwa mezani: geuka kidogo tu, mtu ameila. Dawa yake ilijulikana na kila mtu. Unasimamisha kibanda cha mabati, unatia mtu ndani, na mtu huyo anaambiwa asiondoke. Irungu alimwambia Ndolo hivyo hivyo, akamwachia panga na jembe, akaahidi kurudi Disemba.

Disemba ya mwaka gani, hakusema. Ndolo naye hakuuliza. Alikuwa mtu wa Mbooni, mpole kupita kiasi, wa kusema "ndiyo" kabla hujamaliza swali, na hakuna haja ya kumfichia.

Mkewe Kathini alibaki nyumbani na watoto wawili. Mshahara ulikwenda kwa posta, na kila Disemba ilikuja barua ya kusema safari imeahirishwa. Mlinzi wa ploti ya tatu kutoka hapo alienda kwao kuzika, siku nne tu, aliporudi akakuta msingi umechimbwa na watu asiowajua wakimuuliza anamtafuta nani. Basi Ndolo alipofiwa na mama yake mwaka wa 1996, alimwachia Soila, jirani yake Mmaasai, ufunguo wa kibanda, akaondoka alfajiri, akazika, akarudi jioni ile ile. Kathini hakuisahau siku hiyo.

Yuka, ile mimea ya mapambo ya majani marefu membamba, zilianza kama hila. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya mawe, Ochola mtunza bustani alikuwa akikata yuka zilizorefuka na kutupa vichwa nje ya ua. Ndolo aliokota vinne. Mtu anayepita akiona mimea imepangwa mstari na mawe yamepakwa chokaa, alijiambia, atajua hapa pana wenyewe, nami nitapata nafasi ya kwenda kwetu hata siku tatu. Akavipanda siku hiyo hiyo, akavinywesha asubuhi na jioni. Vikaoza vyote.

Ochola alicheka mpaka akashika mbavu. "Hii si sukuma wiki, bwana! Ukikata kichwa, wacha kilale kwa kivuli wiki moja, kidonda kikauke. Na hii udongo yenu nyeusi inashika maji sana. Inua kitanda juu, changanya na kokoto ya kwari. Maji ni mara moja kwa wiki. Mvua ikinyesha, sahau."

Akamfundisha na kuchagua. Kuna yuka ya jani gumu lenye ncha kama sindano: hiyo ni ya ukutani na chini ya dirisha, mahali ambapo mwizi angekanyaga. Kuna ya jani laini linaloinama: hiyo ni ya mlangoni. Zikiwa changa zinafanana kama mapacha, kwa hiyo gusa ncha kwa kiganja, polepole, na ukubali kuchomwa. Kisha bonyeza shina chini kabisa. Likibonyea kama ndizi iliyoiva, usilinunue hata kwa maneno matamu.

Mvua kubwa za mwaka wa 1997 zilizoa mboga za kila mtu. Yuka za Ndolo zilisimama kwenye vitanda vyao vya kokoto. Mwaka uliofuata alienda nyumbani mara mbili, siku tatu tatu, na akirudi anakuta ploti iko vile alivyoiacha. Alijiona mjanja sana. Kathini alipokuja kumtembelea alizunguka ule mstari mara moja, akaguna. "Yaani mtu anatoka Mbooni na makonge yote yale, anakuja kupanda makonge ingine Kajiado?"

Kisha ukaja ukame wa mwaka wa 2000. Nyasi ziliisha, pundamilia wakaingia mpaka vichochoroni, Soila akapoteza ng'ombe baada ya ng'ombe. "Sopa, Ndolo," alisalimia asubuhi moja, akasimama mbele ya yuka zilizokuwa zimetoa maua meupe. "Ng'ombe yangu inakufa na hii yako inafurahi. Na hata haiwezi kuliwa!"

Lakini mji ulikuwa unapanda nyumba, na wenye nyumba waliona kilichosalia kijani. Wakaanza kusimamisha magari. Nataka ya geti, nataka ya kando ya tangi. Irungu alipoulizwa kwa barua alisema hana neno, uza. Ndolo akazalisha nyingine, na alipokwenda nyumbani tena, alirudi akakuta wezi wameng'oa kumi na moja. Tangu hapo hakwenda. Zamani alilinda ploti; sasa alilinda ploti na yuka. Jumapili alisimama kando ya barabara akitazama magari ya kwenda Athi River, ambako mtu hubadilisha la Machakos, njia ya kwao. Kisha mteja anaita.

Mwaka wa 2006 Irungu alipiga simu. "Nimeuza, Ndolo. Umenisaidia sana. Mwisho wa mwezi uko huru." Ndolo alisema asante, akakaa juu ya debe, akalia kama mtoto.

Siku ya kuondoka Kathini alifika mapema, kwa sababu hakumwamini kuja peke yake. Alitia sufuria na nguo kwenye gunia. "Baba Muteti, huyo mama akija, mpe ufunguo, useme kwaheri, twende. Usianze maneno." Ndolo akasema ndiyo.

Mnunuzi, Faysa, mwenye duka la nguo mjini, alikuja na watoto wake watatu. Alitazama mstari wa yuka, uso ukamchangamka. "Mzee, niliona ploti kumi. Hii nilinunua juu ya hii maua yako. Wewe utabaki na sisi, sindio? Hapa kwa geti nataka mbili. Hizi ni sawa?"

Ndolo alifungua kinywa kusema anaenda. Maneno alikuwa nayo tayari. Lakini mama huyo alikuwa ameshika yuka ya ncha, na mtoto wake mdogo amesimama hapo, macho sawasawa na majani.

"Hapana, mama, hiyo inachoma. Itatoa mtoto macho. Kwa geti weka hii laini. Na usichukue refu, refu haishiki haraka." Akainama, akabonyeza shina, akaenda ya pili, ya tatu. Akachukua jembe amwonyeshe kitanda kiinuliwe kiasi gani. Saa nzima ikapita, na Ndolo alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe.

Kathini alikuwa amekaa juu ya gunia. "Mama," alimwambia Faysa, "huyu anaenda leo."

"Kweli, mzee? Sikuambiwa. Kama unaenda, enda salama. Nitatafuta mwingine."

Hakuna aliyemshika. Ndolo alitazama jembe lililokuwa mkononi mwake. "Wacha nipande hizi mbili kwanza," alisema. "Halafu tutaona wiki ijayo."

Kathini hakupiga kelele. Alibeba gunia mgongoni, akakaza kamba kwenye paji la uso. "Mwaka jana Muteti alisema baba hajafungwa na mtu, anakaa tu. Nilimchapa, kijana mkubwa vile. Sasa nikifika nitamwambia nini?"

Akashika njia ya barabarani. Ndolo alijua mwanawe alisema kweli, na ukweli huo ulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kusikia. Angeweza kumfikia mkewe kwa hatua hamsini. Nyuma yake Faysa aliuliza kama shimo limetosha, naye akageuka kulitazama.