Ndiyo ya Asukulu

Nakumbuka asubuhi moja hapa Baraka, mwanangu, na sipendi kuikumbuka. Lakini umekuja kuniaga, unasema unaenda Uvira kujifunza kuwaongoza vijana wachague kazi. Basi kaa. Mafunzo kama hayo niliwahi kuyaona, tena nikiwa upande wa kuchaguliwa.

Ilikuwa bado enzi ya Wabelgiji. Walimu waliitwa kutoka Lweba, Nundu na Lubondja, wakaja shuleni kwetu kufundishwa na Mzungu mmoja jinsi ya kumpangia kazi kijana anayemaliza masomo. Mafundisho yanataka watu wa kujaribia. Tukaletwa sisi, darasa la mwisho, tukakalishwa kwenye mabenchi na mashati yetu yaliyofuliwa jana yake. Hakuna aliyetuambia kwamba majaribio yale ndiyo upangaji wenyewe, na kwamba lori la migodi ya dhahabu lilikuwa linangoja vijana.

Wa kwanza kuitwa alikuwa rafiki yangu Asukulu. Alikuwa mkimya, lakini mimi nilimjua. Alipenda useremala mpaka alikuwa ananusa mbao. Na aliogopa mahali pa kufungwa. Hata kulala alilala karibu na mlango, nasi tukimcheka.

Mwalimu kijana wa Nundu akamuuliza, "Kazi ya mugodi utaiweza?"

"Ndiyo, mwalimu," Asukulu akajibu, macho chini.

"Unaipenda?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mzungu akapiga meza kwa furaha: hivyo ndivyo inavyotakiwa, haraka na safi! Wee! Nani kati yetu angemwambia mkubwa hapana, tena mbele ya watu? Kwetu mtoto aliyelelewa anakubali, anashukuru, anaondoka. Mzungu hakuyajua hayo, haya, tumsamehe. Lakini yule mwalimu alizaliwa na kulelewa huku huku kwetu. Aliyajua vizuri sana.

Mimi niliangukia kwa mzee wa Lubondja, Mwalimu Mulongecha. Nami nikamjibu ndiyo kwa kila swali. Akaniangalia, akaguna, "We mutoto, tate yako anaishi wapi?" Akainuka, tukatembea mpaka kwa tate wangu, mama aliyemzaa baba, Mzungu akinung'unika nyuma yetu kwamba mzee anachelewesha kazi. Unajua mwenyewe: neno usiloweza kumwambia baba, tate unamtupia kwa utani. Tate akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu? Anaiba sindano zangu kila siku! Mumupe nguo ashone." Ndivyo nilivyokuwa fundi, na cherehani ikanilishia watoto wote.

Asukulu naye alikuwa na tate, karibu kabisa na shule. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Alipanda lori. Kabla mvua hazijarudi, udongo ulimwangukia shimoni, gizani, pale pale alipopaogopa. Mwili hawakuuleta, walileta blanketi lake tu. Yule mwalimu kijana alifuatana na waliolileta, akasimama mbele ya mama yake Asukulu, akasema, "Mama, tulimuuliza. Alisema ndiyo."

Mama yule hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alisema, "Angesema nini? Ni mi nilimufundisha asikatalie mukubwa." Kisha akaanza kujipiga mdomo kwa kiganja, tena na tena, mpaka wanawake wenzake wakamshika mikono. Na tangu siku hiyo hakumkanya tena mtoto yeyote. Wadogo zake Asukulu walipomjibu ovyo, aliwaacha tu, machozi yakimtoka.

Sasa mwanangu, huko Uvira watakufundisha maswali mazuri. Jifunze yote, usidharau hata moja. Lakini kijana akikujibu ndiyo upesi, macho chini, usifurahi, bado hujamuuliza. Fika kwao. Mtafute yule anayetaniana naye, awe tate, awe mjomba, uulize huyu mtoto anapenda nini, anaogopa nini. Watasema unachelewesha kazi. Waache waseme! Mzee wa Lubondja alinichelewesha mimi, ndiyo maana niko hapa nazungumza nawe.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akupe masikio na subira. Na kila mtoto utakayempangia kazi, arudi kwa mama yake akitembea kwa miguu yake.