Mzaramo Aliyelala Kaburini mwa Maganga

Jumapili ile nilihubiri dhidi ya watani. Katika juma hilo tulikuwa tumemzika mzee mmoja wa kijijini, na Wazaramo wawili waliofanya kazi ya reli Kaliua walikuja msibani. Walificha jembe la kuchimbia kaburi, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Niliona aibu mbele ya mchungaji wetu Mzungu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Tabora. Kwa hiyo nikasimama kanisani nikasema kwamba kaburi si mahali pa mchezo, na kwamba Mkristo humzika mwenzake kwa sala na kwa heshima.

Maganga alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akibangua karanga. Baada ya ibada alinifuata.

"Mwalimu, leo umewanyima watu kicheko," alisema. "Basi angalau wape karanga."

Mama yake, mjane aliyekuwa na mtoto huyo mmoja tu, alimpiga kofi la mgongo. "Huyu usimsikilize, Mwalimu. Alizaliwa na mdomo, masikio yakaja baadaye."

Nilikuwa mwinjilisti wa kijiji hicho, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Shule yangu ilikuwa ndogo. Nilijua kusoma, kuandika, na kufunga vidonda kidogo, kwa sababu misheni ilikuwa na zahanati. Ndiyo maana, wakati jumbe alipoagizwa kutoa vijana wa kwenda vitani, nami nilitakiwa kwa kazi ya kubeba machela. Maganga alichukuliwa siku hiyo hiyo. Mama yake alitusindikiza mpaka stesheni akaniambia neno moja tu: "Mtazame."

Treni ilitupeleka pwani kupitia nchi ile ile waliyoipita babu zetu kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Kambini Dar es Salaam tukakutana na Pazi, Mzaramo wa Kisarawe. Aliposikia sisi ni Wanyamwezi, aliziba pua.

"Babu zenu walilala kwetu usiku mmoja," alisema, "chawa wao wako mpaka leo."

"Hao chawa walikonda," Maganga alijibu. "Walikuta kwenu hakuna cha kula."

Basi, wakawa hivyo tangu siku hiyo. Kwa wasiojua, huo ndio utani. Ulizaliwa katika njia ile ya misafara, kati ya wapagazi wetu na watu waliowapa maji na mahali pa kulala. Mtani hakasirikiwi. Na mtu akifa, mtani wake ana kazi msibani: huchimba, hubeba, humsema marehemu kwa ukweli wote, na hatoki mpaka apewe kitu.

Pazi alikuwa Mwislamu, lakini katika kubeba machela alishika upande wa mbele na mimi upande wa nyuma. Tulivuka bahari, tukafika Burma. Sitaeleza mengi ya huko. Mvua ilikuwa haikatiki, na msitu ulikuwa mzito hata sauti ya risasi hukujua inatoka wapi. Viatu vilioza miguuni. Tulibeba watu wengi, na wengi wao walikufa kabla hatujawafikisha kwa daktari.

Maganga aliuawa asubuhi, kikosi chetu kilipokuwa kinavuka kijito.

Nilimwona anaanguka. Tulipomfikia alikuwa bado ananitazama.

Tulimweka kwenye machela.

Hatukufika mbali.

Afisa wetu alitupa muda mfupi wa kumzika, kwa sababu Wajapani walikuwa ng'ambo ya kijito. Alikataza sauti. Pazi na mimi tulichimba, udongo ukawa laini kama uji. Kaburi lilipotosha kwa kina, nikatoa Biblia yangu ndogo. Pazi akaruka ndani, akalala chali.

"Toka," nilinong'ona.

"Sitoki."

"Pazi, utatuua."

"Huyu ni mtani wangu. Nani atamsema nisipomsema mimi? Wewe na kitabu chako?"

Makombora yalianza kuanguka nyuma yetu, upande wa mizigo.

Pazi akaanza kumsema kwa kunong'ona, uso wake umeelekea mvua. Alisema huyu Mnyamwezi ni mvivu aliyejificha nyuma ya gari wenzake wakichimba choo. Ni mwizi wa sukari. Anakoroma hata Wajapani walijua mahali tulipo. Anaimba vibaya, na tena haachi. Shujaa mzima, lakini akiona chura, hurukia kitanda cha watu.

Mwenzetu mmoja, Mnyamwezi wa upande wa Mtendeni, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Nami pia.

"Nipeni haki yangu nitoke," Pazi alisema.

Sikuwa na kitu. Nikampa kitambaa nilichofungia Biblia. Akakifunga shingoni, akatoka, akapokea miguu ya Maganga nasi tukamshusha. Nikasoma mistari michache. Pazi alisimama kimya, mikono wazi, akisali kwa namna yake. Tukafukia, tukaondoka tumeinama.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Bado ni mwinjilisti, na bado naamini nililosoma pale. Sikuona kwamba sala yangu ilichafuliwa. Niliona tu kwamba ibada yetu, kama tulivyofundishwa, ilimkabidhi Mkristo yeyote yule kwa Mungu. Pazi alimkabidhi Maganga mwenyewe.

Pazi alirudi pwani baada ya vita. Mimi nilirudi kijijini, nikaenda moja kwa moja kwa mama yake Maganga. Habari za kifo zilikuwa zimefika zamani kupitia bomani, lakini hakulia wala hakukubali kukaa matanga. Majirani walinionya njiani kwamba bado anampikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja naye?"

"Hapana, mama. Tulimzika kwa mikono yetu."

"Mlimzika nani?"

Nikamwambia maneno niliyoyatayarisha safari nzima. Kwamba Maganga alikuwa askari mtiifu na mvumilivu, mtu wa sala, aliyependwa na wakubwa wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, anapepeta mpunga.

"Huyo simjui," alisema. "Mtoto wangu hakuwa mtiifu hata siku moja. Mlimzika mtoto wa mwenzangu, mkachanganya majina. Kamtafute mama yake umpe hayo maneno."

Kisha nikasema, "Kulikuwa na Mzaramo."

Ungo ukasimama.

"Mtani?"

"Mtani, mama. Alilala kaburini."

"Alimsemaje?"

Nilimweleza yote, kwa maneno ya Pazi mwenyewe. Uvivu, sukari, kukoroma, nyimbo. Nilipofika kwenye vyura alijifunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakaanza kutikisika.

"Na konokono," alisema. "Mzaramo hakuona konokono. Mtu mzima, ana ndevu, alinikimbilia jikoni kwa sababu ya konokono."

Akacheka sana. Kicheko kilimkatikia katikati, na sauti iliyofuata ilisikika mpaka mashambani.

Maganga alikuwa amekufa zaidi ya mwaka. Kwa mama yake alikufa alasiri ile, nami nilikuwa nimekaa mbele yake nisijue pa kuweka mikono yangu. Wanawake wa jirani waliacha vinu vyao wakaja. Nikatoka kuwasaidia wanaume kukusanya kuni za matanga.